Goti Lisilorudi Nyuma

Mimi huitwa Pilipili, na msinionee huruma, jina nimelitafuta mwenyewe. Karakanani kwetu, nyuma ya hospitali, ambako tunatengeneza miguu na mikono ya bandia, kila fundi anajua kwamba ukinipotezea skrubu moja nitakusema mpaka ujute kuwa na masikio. Lakini kazi yangu ya uhandisi naipenda, jamani, naipenda kupita kiasi. Mume wangu hulalamika kwamba siku hizi amegeuka mke mwenza, na mwenziwe ni goti.

Na goti lenyewe, acha nijisifu kidogo, ni goti kweli. Magoti mengi ya bei nafuu ni bawaba tu, sawasawa na ya mlango. Letu linajua wakati wa kukaza na wakati wa kulegea. Kisigino kikigusa chini linakaza, unasimama juu yake bila wasiwasi. Uzito ukihamia kwenye vidole, linaelewa kwamba unataka kupiga hatua, linaachia, mguu unakunjika na kwenda mbele. Hakuna betri, hakuna waya. Mtu aliyeishi miaka na magongo anayaegesha ukutani, na mikono yake yote miwili inarudi kuwa yake.

Usiichezee hiyo habari ya mikono. Muulize Mama Keki.

Mama Keki alikuwa mmoja wa watu wachache waliokubali kulijaribu goti letu kabla halijapelekwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuoka keki za harusi na za watoto, na alipokatwa mguu juu ya goti hakuacha. Alikoroga akiwa ameketi, akaoka, akapamba, ila kubeba hakuweza. Jaribu wewe kubeba keki ya ngazi tatu huku umeshika magongo mawili! Ikabidi zibebwe na watu wengine. Shemeji yake aliidondosha moja mlangoni kwa bibi harusi, na mpaka leo wakisalimiana kila mtu anatazama kwake. Siku ile nilipomfunga goti letu, Mama Keki alienda nyumbani akaoka keki ambayo hakuna aliyeiagiza, akaibeba kwa mikono miwili mtaa mzima, juu na chini, watu wakimuuliza inakwenda wapi. Akawajibu, "Haiendi popote. Ninaibeba tu."

Niliposimuliwa nililia, mimi Pilipili, mbele ya mafundi.

Basi kila wiki wajaribu wetu walikuja karakanani, nami nikawahoji na kuandika kwenye kompyuta.

"Habari za goti, Mama Keki?"

"Nzuri, Mhandisi."

"Linakusumbua popote?"

"Halina neno."

"Kwenye ngazi je?"

"Salama tu. Tunashukuru sana, Mungu awazidishie."

Anaingia Kinyozi, bwana mmoja mcheshi mwenye duka la kunyoa, mguu wake ulienda na pikipiki. "Habari za goti, Kinyozi?" "Safi kabisa!" Anafuata mwingine: nzuri. Mwingine: njema. Bosi wangu alikuwa anasoma majibu yale anasugua mikono. Bosi si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana kipara, ana huruma, na ana hofu ya wakubwa. Wageni kutoka kiwandani walikuwa wanakuja Jumatatu kusikiliza majaribio yamekwendaje. Wakiridhika, yangetengenezwa magoti kwa mamia.

"Pilipili," Bosi akaniambia, "hakuna hata lalamiko moja. Umewahi kuona kitu kama hicho?"

Sikuwahi. Na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini sifa zilikuwa zimenijaa kichwani, sikushtuka.

Aliyenishtua ni mama yangu mzazi, naye hajui goti hata moja isipokuwa yale yake yanayomuuma wakati wa mvua. Ijumaa jioni nilimpigia simu huku ninakatakata vitunguu.

"Shikamoo, mama. Habari za huko?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, salama salimini. Nyinyi hamjambo?"

Tukaongea. Akanieleza binti wa jirani amechumbiwa, mchumba mwenyewe ana masikio makubwa lakini tabia anayo. Akaniuliza mume wangu anakula vizuri. Akanikumbusha dawa ya meno. Nilipokuwa karibu kuaga, akavuta pumzi.

"Haya basi. Na lile paa la jikoni limeng'oka."

"Limefanya nini?"

"Upepo. Limeruka lote, liko uwanjani kwa jirani. Napikia sebuleni."

"Mama! Si nimekuuliza habari za huko, ukaniambia nzuri!"

"Ulitaka nikujibu nini?" Akakasirika kweli. Mnaona pilipili nimeirithi wapi. "Umenisalimia, nimekujibu. Mtu anasalimiwa, hata hajaulizwa ameamkaje, anamwaga mapaa? Mimi nimekulea hivyo?"

Nilibaki na kisu mkononi na machozi ya vitunguu. Miezi yote ile mimi sikuwahoji watu wangu. Nilikuwa nawasalimia! Nao, watu wenye adabu zao, wamepewa kitu na wenyeji wao, wakaitikia salamu. Hakuna aliyekaa nao mpaka wafike kwenye paa.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Keki. Sikubeba kompyuta wala sikuuliza lolote kuhusu goti. Nikasema nimekuja kumtembelea, akanikalisha kwenye kigoda pembeni ya meza yake ya kazi, akaendelea na shughuli. Jiko lake ni chumba kimoja chembamba: meza katikati, oveni ukutani, rafu za sukari na unga upande wa pili, na joto la kukausha nguo. Tukapiga soga. Tulimsema shemeji yake tukamaliza, tukarudia tena kwa raha.

Nikaanza kuona mambo. Akitoka kwenye oveni na kutaka bakuli lililo nyuma yake tu, hatua moja, hakurudi. Alizunguka meza nzima, akatokea upande wa pili. Akifungua oveni alisimama ubavu, akanyoosha mkono kwa mbali. Na katika joto lile, mwenzangu alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu mpaka kwenye viganja.

"Mama Keki, mbona unazunguka sana?"

"Daktari kasema nipunguze mwili."

Akachukua trei tupu, akaja upande wangu. Kigoda changu kilikuwa kimeziba njia.

"Nipishe, mwanangu."

"Si urudi tu nyuma kidogo, mama, upitie kule."

"Nipishe."

"Hatua moja tu ya nyuma."

"Nimesema nipishe!"

Mama Keki hajawahi kumpandishia mtu sauti, hata yule shemeji. Tukatazamana. Nikasimama, nikakisogeza kigoda, nikampokea trei nikaiweka mezani. Akaketi. Halafu polepole akapandisha mkono wa nguo, na pale chini ya kiwiko palikuwa na jeraha la moto, pana, limeanza kupona, bado jekundu.

"Nilifungua oveni," akasema, "mvuke ukanipiga usoni, nikarudi nyuma. Goti likaniacha. Nikashika nilichokiona karibu, na kilichokuwa karibu ni mlango wa oveni."

Nilielewa papo hapo. Mtu akienda mbele anatanguliza kisigino, na goti linakaza. Akirudi nyuma anatanguliza vidole. Na sisi, wajuzi wakubwa, tulilifundisha kwamba vidole maana yake ni kuachia. Karakanani tulikuwa na njia yenye vyuma vya kushikilia, watu wanakwenda mbele, wanageuka, wanakuja mbele. Hakuna aliyewahi kuambiwa arudi kinyumenyume.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukiwaambia, mnalichukua." Alisema bila hasira. "Mlitusomea wenyewe siku ya kwanza: mtu akipata tatizo, goti linarudi karakanani kwa usalama wake. Nikakubali, nikatia sahihi. Sasa mimi usalama wangu ni huu hapa." Akaonyesha mikono yake. "Nirudi tena kwenye magongo, nimsubiri shemeji? Hapana, Mhandisi. Nimeungua mara moja, nimejifunza, nazunguka meza. Mwili wangu, jiko langu. Usinitie mchanga kwenye kitumbua changu, nakuomba."

Kanuni ile iliandikwa kwa nia njema kabisa, nayo ndiyo iliyowafunga watu midomo. Tuliwaambia semeni ukweli, huku tumeufanya ukweli uwagharimu mguu.

"Jina lako silitaji popote," nikamwambia. "Hilo lako, utasema ukitaka. Lakini Jumatatu mchana, baada ya wageni, nimepangiwa kumfunga goti mama mmoja. Nilimpima jana. Ana mtoto mchanga, bado ananyonya."

Mama Keki akashusha mkono wa nguo.

"Yeye hajui habari ya kuzunguka meza," nikasema. "Siku akirudi nyuma atakuwa amempakata."

"Ondoka jikoni kwangu," akasema Mama Keki.

Nikaondoka. Sikufika mbali, akaniita dirishani, amenuna, akanipa kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi, maana kwake mgeni hatoki mikono mitupu hata akifukuzwa. Nilikila njiani nikilia, na kilikuwa kitamu, shetani alaaniwe.

Jumapili nilimtoa Bosi nyumbani kwake akiwa amevaa kaptura. Nikalifunga goti kwenye meza ya karakana, nikaligandamiza kama mtu anayetanguliza vidole, likaachia. Tena. Likaachia. Bosi akakuna kipara.

"Lakini Pilipili, nani anatembea kinyumenyume?"

"Kila mtu! Wewe mwenyewe ulinifungulia mlango ukarudi nyuma!"

Akafikiri. Nikaona amekumbuka.

"Nani amelalamika? Mama Keki? Kinyozi?"

"Simtaji mtu. Nimeambiwa nikiwa mgeni wa watu. Ila mama mwenye mtoto simfungi goti hili, hata ukinifukuza kazi sasa hivi."

"Wageni hawatauliza meza, watauliza watumiaji. Na watumiaji wanasema nzuri. Nikisema mimi kuna kasoro, wataniuliza nimeitoa wapi, mradi utaahirishwa, na magoti haya yote itabidi tuyakusanye. Unataka hivyo?"

"Sitaki yakusanywe. Nataka tuyatie komeo."

Nikamchorea. Kitu kidogo tu, ulimi wa chuma pembeni ya goti. Ukiusukuma chini, goti haliachii hata ukilikanyagia wapi. Utatembea mguu umenyooka, mithili ya askari wa gwaride, hutapendeza, lakini hutaanguka na mikono yako inabaki huru. Wavae hivyo huku sisi tunasahihisha kosa letu. Asiyetaka komeo na asiyetaka majaribio, shauri yake, ila hakuna anayenyang'anywa chochote kwa kufungua mdomo.

"Na kanuni?" akauliza Bosi kwa sauti ndogo.

"Kanuni uliiandika wewe. Kwani kalamu imekauka?"

Aliondoka na kaptura yake, akaniacha na mafundi wawili niliowavuruga mapumziko yao. Tulikata vyuma, tukapiga tupa, tukagombana, tukatengeneza makomeo ya kutosha watu wote.

Jumatatu wageni wakaja, watatu, suti na tabasamu. Wajaribu wetu wakaketi mstari mmoja, wamevaa nguo za kutokea. Mama Keki alikaa mwisho, hakunitazama. Bosi akakaribisha, akakohoa, kisha mgeni mkubwa, mama mwenye miwani, akawageukia kwa upole.

"Haya, ndugu zangu, habari za magoti?"

"Nzuri!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Nilisimama. Sikuwa kwenye ratiba. Bosi alinikonyeza niketi, nikajifanya nina kitu jichoni.

"Samahanini," nikasema. "Hizo ni salamu, na salamu zimeshaitikiwa. Sasa tuongee. Kabla mtu hajasema lolote, asikie hili: leo hakuna atakayetoka hapa bila mguu wake. Goti lenye kasoro litatiwa hiki." Nikainua komeo. "Na likishatengenezwa, atakayepewa la kwanza ni yule aliyekuwa nalo bovu."

Wageni wakamtazama Bosi, maana ndiye mwenye kanuni. Jasho lilikuwa linamtiririka kiparani. Halafu akasimama, tumbo mbele.

"Ni kweli," akasema. "Ile kanuni ya kurudisha ilikuwa yangu. Nimeifuta. Nimeifuta sasa hivi."

Ningeweza kumbusu kile kipara. Lakini hakuna mjaribu aliyefungua mdomo. Kinyozi alitazama viatu vyake. Nikawaza, basi, tumechelewa, tumewafundisha kunyamaza na wamefuzu.

Mama Keki akajikohoza.

"Huyo mama mwenye mtoto," akauliza, "yuko wapi?"

"Nje, mama, kwenye benchi," nikamjibu. "Anasubiri."

"Mleteni asikie."

Akaletwa, mtoto amelala begani. Mama Keki alimtazama mtoto yule kwanza. Kisha akapandisha mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko na kuunyoosha mbele ya mama mwenye miwani.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Hili goti ni tamu kwenda mbele. Kurudi nyuma ni msaliti. Mimi limenitupa kwenye oveni, na nilinyamaza kwa sababu nalipenda."

"He!" Kinyozi akaruka kwenye kiti. "Kumbe na wewe? Mimi nilidhani ni langu peke yangu! Kinyozi bila kurudi nyuma ataionaje kazi yake? Siku hizi namwambia mteja, ondoka wewe, nenda mlangoni, geuka, nikuone! Watu wamenihama wanasema nina maringo!"

Weee! Bwawa lilipasuka. Mmoja akasema hawezi kutoka chooni bila kugeuka mara mbili. Mwingine aliangukia kapu la mayai sokoni, akasingizia kizunguzungu. Walisema wote kwa mpigo, wakasahihishana, wakachekana, wakaonyeshana makovu, na mama mwenye miwani akavua miwani akaanza kuandika, akaomba karatasi nyingine. Bosi akaniinamia. "Hili jambo limeahirishwa mpaka lini, Pilipili?" Nikamwambia mpaka liwe goti. Akacheka, maskini, cheko la mtu aliyetua mzigo.

Yule mama mwenye mtoto tulimfunga la komeo, akalikubali akijua anachokikubali. Mama Keki alitiwa komeo lake siku ileile. Alilichukia. Alitembea nalo amenyooka, akibeba keki zake kwa gwaride, watoto wa mtaani wakimpigia saluti, na hakuniangalia kwa muda wote ule tuliokuwa tunavunja na kuunda upya. Nami nilimwacha. Nilikuwa na kazi: kulifundisha goti kwamba vidole vina maana mbili, na kujua ipi ni ipi. Ilitutoa jasho, usiombe.

Lilipokamilika, la kwanza lilikuwa lake, kama tulivyoahidi. Nilimfunga mwenyewe. Akatembea mbele hatua chache. Akaenda zake.

Akarudi wiki iliyofuata, bila kuitwa, keki kubwa mikononi, uso umekunjamana. Hata salamu hakutoa.

"Hili goti lako linalia kwii kwii," akaanza. "Msikitini watu wananigeukia. Tena ni zito kuliko lile. Na rangi hii ni ya nini, ya maiti? Mimi nina ngozi ya maiti? Halafu ule mkanda wa juu unanichuna, na skrubu ya pembeni inanasa gauni langu zuri, limechanika, utanishonea wewe!"

Mafundi walinitazama wakisubiri nilipuke. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta naandika haraka kadiri vidole vinavyoweza, machozi yananitoka, na meno yangu yote yako nje.

"Endelea, mama," nikamwambia. "Na nini kingine?"

"Kingine nitakuja nacho kesho, leo nina haraka. Hii keki si yenu, msiitolee macho, ni ya harusi."

Akageuka kwenda, na mlango wa karakana ulikuwa umejifunga. Fundi mmoja akanyanyuka kumfungulia. Mama Keki akamkemea aketi. Akaugeuzia mlango mgongo, akausukuma kwa makalio, na huku keki imetulia kwenye mikono yake yote miwili, akatoka kinyumenyume.